Maktaba ya Taifa ya Wales: Miswada ya Kale Isome Ukiwa Nyumbani, Nauli Iweke kwa Ajili ya Nyaraka za Waandishi

Kwa anayefuatilia fasihi ya Wales, maktaba hii ya Aberystwyth haina mbadala. La kuamua ni kama safari inahitajika. Kwa miswada mashuhuri ya zama za kati, mara nyingi haihitajiki. Kwa nyaraka za waandishi wa karne ya 20, jiandae kusafiri.

Hazina kubwa ni mkusanyiko wa Peniarth, ulioanzishwa na Robert Vaughan wa Hengwrt katika karne ya 17. Una miswada zaidi ya 500, na ile maarufu imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa bure mtandaoni. Anza na Llyfr Du Caerfyrddin (Kitabu Cheusi cha Carmarthen), cha mwaka 1250 hivi. Ni kitabu kidogo, kina karatasi 54 za ngozi, na kinaenea kiganjani. Zikuze picha: kurasa za mwanzo zina herufi kubwa na mistari michache, halafu mwandiko wa mtu yuleyule unapungua na mistari inasongamana. Hilo peke yake linakuonyesha kwamba kazi haikufanywa kwa mkupuo mmoja. Picha ni safi sana, na hapa maktaba inastahili sifa zote.

Zina mpaka wake, hata hivyo. Baadhi ya maandishi ya pembeni yalifutwa, na anayedhaniwa kuyafuta ni Jaspar Gryffyth aliyekimiliki kitabu mwishoni mwa karne ya 16. Mwaka 2015 watafiti wa Cambridge walitangaza kwamba mwanga wa urujuanimno umefichua nyuso na mistari ya shairi iliyokuwa imepotea. Kwenye picha ya kawaida usitarajie kuviona vizuri.

Wengi hukwama kwenye namba. Llyfr Du ni Peniarth MS 1 (MS ni kifupi cha mswada), lakini Llyfr Gwyn Rhydderch (Kitabu Cheupe cha Rhydderch) kina namba mbili, 4 na 5. Hadithi za Mabinogion, zile simulizi za kale za Wales, ziko namba 4. Namba 5 ni maandishi ya dini kwa sehemu kubwa, kwa hiyo ukiingilia huko utadhani umepotea. Herufi A hadi E mwishoni mwa namba za NLW MS, yaani miswada ya mfululizo mkuu wa maktaba yenyewe, huonyesha ukubwa wa kitabu, A ikiwa ndogo kabisa. Hazihusiani na umri wala mada. Ukitafuta kwa Kiingereza ukakosa, jaribu jina la Kiwelishi. Na Llyfr Coch Hergest (Kitabu Chekundu cha Hergest) usikitafute hapa, kiko Oxford.

Nyaraka za waandishi, kama za Kate Roberts, ni makasha ya barua na rasimu. Kinachozuia nyingi kuwekwa mtandaoni ni hakimiliki: kwa sheria ya Uingereza, maandishi mengi ambayo hayakuwa yamechapishwa kufikia Agosti 1989 yanalindwa angalau hadi mwisho wa 2039, hata mwandishi awe amefariki zamani sana. Hakikisha pia kilipo unachokitaka. Ramani ya Llareggub, kijiji cha kubuni, aliyoichora mshairi Dylan Thomas iko hapa, lakini madaftari yake manne ya ujana yako Buffalo, Marekani. Na anayemfuatilia H. M. Stanley, mzaliwa wa Denbigh aliyepita Zanzibar na Ujiji, aelekee Tervuren, Ubelgiji, ziliko nyaraka zake.

Ukiamua kwenda, omba kadi ya msomaji mapema. Beba kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Agiza makasha kabla ya siku yenyewe, ukiandika namba kamili ya faili, si jina la mwandishi tu. Kalamu ya wino haiingii, chukua penseli. Kitabu kilaze juu ya mito ya sponji, usikifungue zaidi ya kinavyofunguka chenyewe, kwa sababu mgongo wa jalada la kale hupasuka. Mswada ambao picha zake ziko mtandaoni usitegemee kupewa bila sababu ya msingi, kama kuchunguza mishono au alama za kuchorea mistari. Treni kutoka Birmingham huchukua kama saa tatu, na kutoka stesheni ni kupanda kilima cha Penglais. Panga kulala mjini.