TAHADHARI: Fundi anayekwambia "hita imekufa" kabla hajatoa hata bisibisi

Wakuu, kuna mtu anazunguka majumbani akijiita fundi wa hita za maji moto, na hita zenyewe anauza pia. Amewatapeli wateja wangu kadhaa, nimeona nisinyamaze. Jina lake sitaji, na hata nikilitaja halitawasaidia, maana analibadilisha pamoja na namba ya simu. Kisichobadilika ni mchezo wake, basi ujueni huo.

Anaanza na ofa ya kukagua bure. Anapanda ngazi, anachungulia chini ya hita, anaona matone yanadondoka kwenye ile valvu ndogo yenye kikono, anashuka akitikisa kichwa. "Tangi limeoza hili. Siku likipasuka hamtoki." Hapo hajafungua skrubu hata moja. Halafu, bahati iliyoje, kwenye gari ana hita "mpya" ya mteja aliyeghairi, bei nusu ya dukani, ila ofa ni ya leo leo. Ile ya zamani anajitolea kukuondolea bure, eti asikuachie mzigo.

Sasa hayo matone. Maji yakipata moto yanatanuka. Tangi la lita 100 likitoka nyuzi joto 10 hadi 60, maji yaliyomo yanaongezeka karibu lita 1.7, na hayawezi kurudi yalikotoka kwa sababu valvu hiyohiyo inayazuia. Lazima yapate pa kutokea. Valvu ya usalama imewekwa kwa kazi hiyo: presha ikifika kiwango chake, ambacho kwa hita nyingi za ukutani ni baa 6 au 8, inaachia kidogo kidogo. Kwa hiyo hita inayodondosha inapochemsha, kisha ikakoma, ni nzima. Inayodondosha mchana na usiku, hata umeme ukiwa umezimwa, ina moja kati ya mawili: valvu imeingia mchanga au chokaa, au presha ya maji yanayoingia nyumbani ni kubwa mno. La kwanza ni kubadilisha valvu, la pili ni kufunga kipunguza presha. Tangi halihusiki kabisa.

Tuje kwenye "mpya" yake. Kuna mama mmoja mtu mzima aliniita, maji yanatoka na rangi ya kutu. "Mwanangu, hita nimenunua juzi tu, mbona inanitolea uchafu?" Nikazima umeme, nikafungua kifuniko cha chini. Ndani ya kifuniko kuna alama yangu. Nina mazoea ya kuandika mwezi na mwaka kwa kalamu ya wino mzito kila ninapofunga hita, na mwandiko ulikuwa wangu, wa miaka ya nyuma, kazi niliyoifanya kwa mteja mwingine kabisa. Nikampigia yule mteja. Ndiyo, alishauziwa "mpya", na ya kwake ikabebwa bure. Nyumba hii anatangaza hita imekufa, anaibeba, anaipulizia rangi, nyumba ya pili anaiuza. Hita moja inaweza kuzunguka mtaa mzima na kila inapofika yeye analipwa.

Rangi ndiyo inayomuumbua. Kiwandani hita hupakwa rangi kabla ya kufungwa vifaa, kwa hiyo hutakuta rangi juu ya vichwa vya skrubu wala kwenye nyuzi za bomba, zile za kukazia. Ya kwake utaikuta huko kote, pamoja na mfuniko wa elementi, kile chuma kinachochemsha maji, uliozungushiwa silikoni mahali palipotakiwa mpira. Kibati cha namba ya kiwanda hakipo, au kimewekwa karatasi ya kubandika ambayo kucha inaing'oa. Inamisheni kabla haijafungwa: ikisikika kama kuna changarawe ndani, hiyo ni chokaa ya miaka, hita mpya haina sauti. Chungulieni pia mdomo wa kuingizia maji, ule wenye duara la bluu. Kutu pale ina maana maji yalishapita.

Lakini wizi wa pesa ni afadhali. Lililonifanya niandike ni nililolikuta kwa yule mama chini ya hita: tundu la kutolea matone limezibwa kwa kizibo cha chuma na kukazwa kwa tepu nyeupe. Kwa nini? Ili mteja asione matone tena akapiga simu kulalamika. Jamani, hiyo ni bomu. Themostati, yaani kidhibiti cha joto, ikikwama na elementi ikaendelea kuchemsha, maji yaliyofungiwa yanapita nyuzi 100 bila kugeuka mvuke kwa sababu ya presha. Tangi likiachia, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke kwa mkupuo, na mvuke unachukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Hita za namna hiyo zimewahi kutoboa paa. Tundu la valvu ya usalama haliwekwi kizibo, haliwekwi koki, halibanwi na chochote. Kama matone yanakukera, vuta mpira kutoka pale hadi kwenye shimo la maji machafu, mwisho wake ubaki wazi.

Sisemi kwamba tangi halifi. Linakufa, na likishatoboka kwa kutu huwa halina tiba. Ila kufa kwake kunathibitishwa. Zima umeme, kausha chini yote kwa kitambaa, zungushia karatasi ya chooni kwenye kila maungio, subiri. Ikilowa karatasi ya maungio, tatizo ni mpira au nyuzi. Maungio yakibaki makavu na maji yakachuruzika kutoka kwenye bati lenyewe, hapo sawa, nunua nyingine. Maji kutopata moto kabisa si kifo cha tangi: fundi apime elementi kwa testa umeme ukiwa umezimwa. Ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 husoma ukinzani wa kama omu 26. Isiposoma kitu, imekatika, inabadilishwa yenyewe. Breka ikiruka kila ukiwasha, mara nyingi elementi imetoboka na umeme unavuja kwenye maji. Usiendelee kuijaribu jaribu.

Na muulizeni fundi yeyote swali hili: fimbo ya magnesiamu imebaki kiasi gani? Ni fimbo inayokaa ndani ya tangi ili kutu iile yenyewe kwanza, iache chuma cha tangi. Ikiisha bila kubadilishwa, tangi ndilo linalofuata. Fundi wa kweli ataitoa akuonyeshe. Huyu bwana nilisikia aliulizwa na mteja mmoja, akajibu hita za siku hizi hazina, akabadilisha mada kwenda kwenye ofa.

Kama mmeshanunua kwake, msianze na kumtafuta, simu haipatikani. Zimeni breka ya hita kwanza. Kisha tazameni lile tundu la valvu. Likiwa limezibwa, msiwashe hita na msikifungue kizibo wenyewe maji yakiwa ya moto, acheni yapoe kabisa ndipo fundi mnayemjua aje afunge maji na kuweka valvu mpya. Piga picha za kizibo, silikoni na kibati kabla chochote hakijaguswa, na risiti kama alitoa. Polisi wanahitaji picha hizo, na mimi pia: ukikuta mwandiko wa wino ndani ya kifuniko, nitumie nione kama ni wangu.