Katuni za mashujaa: usianze na namba moja, anza na zamu

Kitabu cha kwanza nilichonunua niliporudi kusoma katuni za mashujaa, baada ya miaka zaidi ya 20 bila kugusa hata moja, kilikuwa juzuu ya nne, yaani kitabu kinachokusanya matoleo kadhaa pamoja. Nilikikuta kwenye meza ya vitabu vya mitumba Posta, jalada limekunjika pembe, Batman amesimama juu ya ghorofa kama kawaida yake. Nikalipa bila kufungua ndani. Nyumbani nikasoma kurasa 30 bila kujua nani kafa, nani kamsaliti nani, na kwa nini kila mtu analia. Ilikuwa kama kwenda msibani usikomjua marehemu: unakaa jamvini, unaitikia dua, unakula wali, unaondoka.

Nikasema basi, kama ya nne ni kuchelewa, nianze namba moja. Hapo nako ni shimo. Superman alitoka mwaka 1938, Batman 1939, Spider-Man 1962, na hawajaacha kutoka hadi leo. Matoleo yale ya kale yana utamu wake kwa mtu mwenye subira, ila mimi yalinishinda. Mtu anarusha ngumi, na hapohapo kwenye kiputo cha maneno anakueleza kwamba anarusha ngumi na sababu zake. Toleo la tisa la Spider-Man nililala nalo kifuani.

Aliyeniokoa ni jamaa mmoja tunayefanya naye kazi. Aliniambia, "Kaka, wewe unafuata shujaa. Fuata zamu." Akanifafanulia. Kwa Marvel na DC, zile kampuni mbili kubwa za Marekani, shujaa si mali ya mwandishi, ni mali ya kampuni. Mwandishi anaingia na mchoraji wake, wanakabidhiwa huyo mtu, wanakaa naye matoleo 12 au 60 au miaka 16, kisha wanamkabidhi kwa wengine. Ni kama mlinzi wa geti. Geti ni lilelile, lakini kuna anayekagua kila mfuko na kuna anayelala kwenye kiti. Kwa hiyo swali si "nisome Batman?" bali "nisome Batman wa zamu ya nani?" Tangu hapo sijanunua kitabu bila kusoma majina ya mwandishi na mchoraji kwanza.

Zamu iliyonirudisha kabisa ni ya Frank Miller kwenye Daredevil. Daredevil ni Matt Murdock, wakili kipofu wa mtaa wa Hell's Kitchen, New York, ambaye masikio, pua na vidole vyake vinaona kuliko macho ya wengi. Miller aliingia kama mchoraji tu, toleo la 158 mwaka 1979, wakati katuni hiyo iko mkiani kwa mauzo. Toleo la 168, mwaka 1981, akapewa na kalamu ya kuandika, na hapohapo akamleta Elektra. Toleo la 181 akamuua. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua sheria ni moja: steringi hafi. Elektra si steringi kamili, lakini nilishamzoea, na ukurasa ule niliurudia mara mbili nikidhani nimesoma vibaya.

Ila kama una pesa ya kitabu kimoja tu, hayo yote yaache kwanza, tafuta Born Again. Ni matoleo 7, namba 227 hadi 233, ya mwaka 1986. Miller amerudi kuandika, na anayechora ni David Mazzucchelli. Karen Page, aliyewahi kuwa mpenzi wa Matt, amezama kwenye dawa za kulevya na analiuza jina halisi la Daredevil ili apate dozi moja. Jina linapita mkono hadi mkono mpaka linamfikia Kingpin, bosi wa majambazi wote wa mji. Nilitegemea atume watu wenye bunduki usiku huohuo. Hakutuma. Alianza na makaratasi: akaunti inafungwa, benki inadai nyumba, leseni ya uwakili inaondoka. Nimewahi kuzungushwa na ofisi fulani miezi minne kwa barua moja, kwa hiyo sehemu hiyo ilinikaba koo kuliko bomu linalofuata.

Angalia pia michoro, kwa sababu nusu ya hadithi iko humo. Mazzucchelli anamchora Matt amelala, wewe unamtazama kutoka juu kama vile uko darini. Kwanza yuko kitandani kwake. Baadaye yuko kwenye chumba cha hoteli ya hovyo, amejikunja. Baadaye tena yuko uchochoroni kwenye takataka. Hakuna kiputo kinachokuambia kwamba mtu huyu anaporomoka, unaona mwenyewe kitanda kinavyozidi kuwa si kitanda. Kuna mahali teksi inavutwa kutoka mtoni, ile aliyotiwa Matt ndani yake ili afe, na ndani hamna maiti. Hapo nilisimama nikatembea sebuleni. Kasoro yake ni matoleo mawili ya mwisho: anaingia mwanajeshi mwenye bendera ya Marekani usoni, na hadithi iliyokuwa ya mtu mmoja na makaratasi yake inageuka vita ya barabarani. Siyo mbaya, ila ule utulivu umekwenda.

Sasa X-Men, kikosi cha mashujaa waliozaliwa na nguvu zao. Hapa nitakaa, maana hapa kuna mtu wetu, au tuseme wa jirani zetu. Chris Claremont alianza kuandika X-Men toleo la 94 mwaka 1975 akaondoka mwaka 1991, miaka 16 kwenye geti moja. Kabla ya 94 soma Giant-Size X-Men namba 1 ya mwaka huohuo wa 1975, kazi ya Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Ndimo anamotokea Storm kwa mara ya kwanza. Profesa Xavier, mwanzilishi wa kikosi, anamkuta Kenya, watu wanamwomba mvua kama mungu, naye anaileta. Xavier anamwambia wewe si mungu, wewe una nguvu za kuzaliwa, twende.

Jina lake ni Ororo Munroe, baba Mmarekani, mama Mkenya aitwaye N'Dare, jina ambalo sijawahi kulisikia kwa Mkenya yeyote, na nimeishi nao. Ile Kenya yenyewe ni ya postikadi: nyasi, ngoma, mawingu, hakuna matatu wala mtu anayeuza kitu. Nilicheka peke yangu. Lakini usimtupe Storm kwa sababu ya ukurasa huo, maana Claremont alimchukua akamfanya mtu. Toleo la 102 tunaambiwa kwamba akiwa mtoto Cairo nyumba yao iliangukiwa na ndege wakati wa vita vya Suez, wazazi wakafa, yeye akabaki chini ya kifusi pembeni ya mama yake. Ndiyo maana mungu huyu wa mvua anaogopa sehemu zilizobana. Toleo la 186, mwaka 1984, lililochorwa na Barry Windsor-Smith, nguvu zake zimeondolewa, na karibu toleo zima ni watu wawili wanazungumza ndani ya nyumba. Halafu toleo la 201, bado hana nguvu, anapambana na Cyclops kugombea uongozi wa kikosi, na anashinda. Kwangu mimi hiyo ni bora kuliko vita zote za angani.

Vita za angani nazo zipo. Kipande maarufu ni kile cha Phoenix, matoleo ya 129 hadi 138, ambacho Claremont alikifanya na John Byrne. Jean Grey anapata nguvu zinazomzidi, na toleo la 137, mwaka 1980, anafia mwezini. Steringi kafa tena. Miaka michache baadaye wakamrudisha, kwa hiyo ile sheria ya kibanda cha video haikuvunjika sana, ilichelewa tu.

Tatizo la Claremont ni maneno. Viputo vimejaa hadi vinafunika mchoro, na kila mtu ana lafudhi iliyoandikwa herufi kwa herufi, Mjerumani na Kijerumani chake, Mrusi na Kirusi chake. Usisome zaidi ya matoleo matatu kwa kikao kimoja. Ukifika 143 ukasimama, umeshakula nyama, mchuzi unaweza kuurudia siku nyingine.

Kwa mtu mpya kabisa, hasa kijana, Daredevil na X-Men si mlango wangu wa kwanza. Binti wa dada yangu yuko kidato cha pili, na nilimpa Ms. Marvel iliyoanza mwaka 2014, mwandishi G. Willow Wilson, mchoraji Adrian Alphona. Kamala Khan ana miaka 16, anakaa Jersey City, wazazi wake wametoka Pakistan. Ukurasa wa kwanza tu yuko dukani ananusa sandwichi yenye nyama ya nguruwe, hali, ananusa tu. Binti alicheka mpaka mama yake akaja kuuliza kuna nini. Baadaye Kamala anatoroka kwenda kwenye sherehe usiku, anapata uwezo wa kurefuka na kunywea, na vazi lake la kishujaa analitengeneza kutoka kwenye burkini. Msikitini yeye na rafiki yake Nakia wanalalamika kwa sheikh kuhusu kizuizi cha upande wa wanawake. Anapokuja kumwambia sheikh huyohuyo kwamba anatoka usiku kusaidia watu, nilidhani nimeshajua hotuba inayokuja. Hamkatazi. Anamwambia kama lazima afanye, afanye kwa ushujaa na ukweli na kujiheshimu, na atafute mwalimu.

"Mjomba, mama yake Kamala ni mama mtupu," binti akaniambia, akimaanisha dada yangu. Kweli kabisa, hadi ule mkono kiunoni.

Juzuu ya kwanza, No Normal, ilipata Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi na za kufikirika, mwaka 2015. Adui wa juzuu hizi za mwanzo ni dhaifu, nakiri, na huenda hutamkumbuka wiki ijayo. Ila mchukue Alphona taratibu: nyuma ya kila kisanduku ameficha utani kwenye mabango na makopo ya chakula.

All-Star Superman ni matoleo 12, kuanzia 2005 hadi 2008, Grant Morrison na Frank Quitely. Haidai ujue chochote. Asili yote ya Superman imemalizwa kwenye ukurasa wa kwanza, visanduku vinne, maneno manane, basi. Superman amepigwa na jua kupita kiasi, seli zake zinakufa, na anatumia siku zilizobaki kumaliza kazi zake. Toleo la kwanza mtazame Clark Kent barabarani: mzito, mwenye haya, anamgonga mtu kizembe, yule mtu anafoka, na kifusi kinaanguka palepale alipokuwa amesimama. Toleo la 10 kuna msichana ukingoni mwa ghorofa. Ukurasa mmoja tu. Sitasimulia.

Hawkeye ya Matt Fraction na David Aja, matoleo 22, 2012 hadi 2015, ni ya wanaotaka kucheka na kuona mpiga mishale anavyoishi siku ambazo hapigani na mtu. Toleo la 11 linasimuliwa na mbwa, kwa alama na harufu badala ya maneno. Isome kwa ajili ya toleo hilo hata kama mengine utayaacha. The Immortal Hulk ya Al Ewing, matoleo 50, 2018 hadi 2021, ni ya kutisha, usisome ukiwa unakula.

Mnaorudi baada ya miaka mingi, kaeni mbali na yale matukio makubwa ambapo mashujaa wote wanakutana. Niliazimwa Crisis on Infinite Earths ya 1985 na 1986. George Pérez anachora watu mia kwenye ukurasa mmoja na kila mmoja ana sura yake, kazi ya ajabu. Lakini wakifa nilikuwa naulizia majina. Hiyo ni ya mtu aliyekwishakaa mtaani humo miaka kumi.

Kuhusu kuvipata: vitabu vya karatasi vya kuagiza vinauma. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniletea juzuu imelowa maji, kurasa zimeshikana, na simu hakupokea tena. Siku hizi za Marvel nazisoma kwenye programu ya Marvel Unlimited, kama dola 10 kwa mwezi, na matoleo mapya huingia miezi mitatu hivi baada ya kutoka madukani. Napakua nikiwa na waifai ya kazini ili nisile bando. Kwenye simu ndogo inakuonyesha kisanduku kimojakimoja, na hiyo inatosha kwa Ms. Marvel, lakini kwa Mazzucchelli ni dhuluma: ukurasa wake unatakiwa uonekane wote kwa pamoja, tafuta tableti. Zote nilizotaja nilizisoma kwa Kiingereza. Ndugu zetu wa Goma na Lubumbashi wanaosoma Kifaransa wana nafuu, maana Panini huzichapisha za Marvel kwa Kifaransa.

Ninayoitafuta sasa ni zamu ya Walter Simonson kwenye Thor, inayoanza toleo la 337 la mwaka 1983, na ninaitaka ya karatasi. Mwenye nayo hapa Dar tuonane, nina ile juzuu ya nne ya Batman ya kubadilishana. Ndani ni safi kabisa, jalada tu ndilo limekunjika pembe.