Debian 12: mafuta ya taa mbali na unga

Laptopu yangu ni ya mtumba, na kadi yake ya waifai haishiki mtandao mpaka ipewe fimuwea, ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe. Mwenye kuitengeneza kadi hatoi msimbo wake, kwa hiyo programu hiyo si huria, yaani si kila mtu anaruhusiwa kuisoma na kuibadilisha. Hadi toleo la 11 la Debian, mfumo endeshi huria ninaoutumia badala ya Windows, faili rasmi la kusakinishia halikuibeba. Nilichomeka simu kwa waya wa chaji, nikachota bando humo hadi usakinishaji ukaisha. Bando liliniuma, lakini lawama namtupia mwenye kuitengeneza kadi.

Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura, na Debian 12 ilipotoka Juni 10, 2023, fimuwea ikawamo. Safari hii waifai ilikamata kabla sijamaliza chai.

Kilichonifurahisha zaidi ni namna walivyoipanga. Zamani mafungu ya programu za Debian yalikuwa matatu: main, yenye programu huria tupu, contrib, huria zenyewe ila zinaegemea kitu kisicho huria, na non-free. Ukitaka fimuwea tu, ulilazimika kulifungulia non-free lote. Sasa kuna la nne, non-free-firmware. Mangi wa mtaani kwetu ana unga na ana mafuta ya taa, lakini havikai rafu moja. Hivyo ndivyo.

Kwenye sources.list, faili linaloiambia Debian ichote programu kutoka mafungu gani, nimeacha main na non-free-firmware, basi. Juzi nikaletewa faili lililobanwa la RAR, nikaandika apt install unrar, amri ya kusakinisha programu ya kulifungua, nikaambiwa hakuna, kwa kuwa imo non-free. Nikachukua nyingine, unar, iliyomo main, faili likafunguka. Kisha nikaendesha check-dfsg-status, ambayo kazi yake ni kukusomea visivyo huria ulivyonavyo. Ikataja viwili: fimuwea ya waifai na ya prosesa. Viwili tu, na navijua kwa majina! Kwenye Windows ningeanzia wapi kuhesabu?

Kinachonikera: kisakinishi kikiona kifaa kinahitaji fimuwea, kinaiweka chenyewe. Asiyeitaka inabidi aandike firmware=never kwenye menyu ya kuwashia, na mgeni atajulia wapi? Swali moja la ndiyo au hapana lingetosha.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nawawekea mpaka waniulize.