Rimu za Kubadilisha kwa Magari Madogo ya Zamani: Anza na Tundu la Katikati

Malalamiko ninayoletewa na wenye Corolla 110, Starlet na Sunny B15 hapa Kisumu yanafanana mno. Mtu hununua rimu nne za aloi, zikaingia kwenye bolti bila shida yoyote, lakini gari likifika kilomita 80 kwa saa kwenye barabara ya Ahero usukani unaanza kutetemeka. Hurudi kwa fundi akafanyiwa balansi, kisha alainimenti, kisha akauziwa bushi na tairodi, na mtetemo ungalipo. Wauzaji hawachoki kuzungumzia ukubwa, idadi ya mashimo na mng'ao, kwa hiyo hayo sitayarudia. Nitakachoshughulikia ni lile tundu kubwa lililo katikati ya rimu, ambalo ni nadra kumwona muuzaji akilipima.

Katika mengi ya magari haya bolti nne zimepangwa kwenye duara la milimita 100, na ndiyo sababu rimu ya Honda Fit huingia kwenye Corolla na mnunuzi akadhani kazi imekwisha. Habu, yaani vitovu vya gari vinavyoingia kwenye tundu hilo la katikati, ndizo zinazotofautiana kwa kipenyo. Corolla za miaka ya 1990, Starlet na Vitz za mwanzo zina habu ya milimita 54.1, na Mazda Demio vilevile. Honda Fit ina 56.1, Sunny B14 na B15 zina 59.1, na Nissan March K12 ina 60.1. Rimu za aloi zilizotengenezwa ili zifae magari ya kila aina mara nyingi huwa na tundu la 73.1, ambalo kwenye Corolla huacha pengo la milimita 9.5 kuizunguka habu yote.

Pengo hilo linafichwa na mashine ya balansi yenyewe. Mashine huishika rimu kwa koni inayopita kwenye tundu hilohilo la katikati, kwa hiyo hulipima gurudumu likiwa limekaa sawasawa. Likirudishwa kwenye gari, rimu haishikwi na habu bali hutegemea nati peke yake, na fundi akizikaza huku uzito wa gari umeshalilalia gurudumu, rimu huweza kukaa kombo kwa nusu milimita bila mtu kuona. Tairi ya 175/70R13 ina kipenyo cha takriban milimita 575; kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa huzunguka karibu mara 14 kila sekunde, na kila mzunguko ule ukombo mdogo huutikisa usukani. Mashine itaonyesha sifuri, mteja atalipa, na kesho atarudi kulipia tairodi ambayo haikuwa na kosa.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi upendeleo, ni rimu ya Toyota yenyewe iliyotolewa kwenye gari la ukoo huohuo, iwe ya chuma au ya aloi. Tundu lake ni 54.1 kamili na hukaa kwenye habu bila kubembelezwa. Ya chuma haimvutii kijana anayetaka kutazamwa Oginga Odinga Street, lakini ikigonga shimo hukunjika na mara nyingi hunyooka tena, ilhali aloi katika ajali kama hiyo huweza kupasuka, na aloi iliyochomelewa siwezi kumshauri mtu aifunge mbele. Ukichukua aloi za Toyota za zamani, dai na nati zake. Nyingi hutumia nati yenye shingo na washa bapa, na nati ya koni inayofunga rimu ya chuma haikai vizuri humo. Rimu za Demio huja baada ya hizo, kwa kuwa tundu ni lilelile.

Nafasi ya pili naipa Enkei, kampuni ya Japani iliyoanza mwaka 1950, mradi rimu iwe na alama ya JWL, ile ya viwango vya Japani vya rimu za aloi, iliyochongwa na isiwe na dalili ya kuchomelewa. Hizi zitahitaji ringi ya kuziba pengo, na hapo ndipo ninaposisitiza alumini. Ringi ya plastiki hufanya kazi vizuri barabara ikiwa tambarare, lakini teremka kutoka Nandi Hills hadi Chemelil huku umekanyaga breki, na joto la habu litakuonyesha kwa nini mafundi huzikuta zimelegea au zimepasuka.

Rimu za Honda kwenye Toyota ni za dharura tu. Zina pengo la milimita moja pande zote, na viti vya nati za Honda, yaani sehemu nati inapokalia, vina umbo la kibakuli, kwa hiyo nati ya koni hugusa sehemu ndogo na kulegea. Rimu mpya za bei ya chini zisizo na alama yoyote sizipangi.

Wenye Sunny wana taabu yao. Rimu ya Toyota haipiti kwenye habu ya 59.1, na badala ya kumwambia mteja ukweli, kuna wanaolipanua tundu kwa grenda ya mkono. Kazi hiyo, ikiwa lazima, ni ya mkerezaji mwenye mashine, kwa sababu tundu lililochongwa kwa macho huhamisha katikati ya rimu moja kwa moja. Tena nafasi kati ya nyuzi za nati za Nissan ni milimita 1.25 na za Toyota 1.5, ukilazimisha utaharibu bolti.

Lakini hasira yangu kubwa ni kwa wauzaji. Wanazivua rimu kwenye magari ya Japani, wanazitupa ringi, kisha wanakutazama kama mwizi ukitoa kalipa, kifaa cha kupimia tundu. Anayefika na gari hutajiwa bei moja, anayefika kwa bodaboda nyingine. Halafu risiti imepigwa muhuri kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, ilhali Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kutegemea ujuzi wake. Kwa hiyo mwambie aandike kwenye risiti aina ya gari lako, kipimo cha tundu, na ringi nne za alumini kama zinahitajika. Zifungwe gari likiwa juu ya jeki, nati zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, kisha gari lishushwe na zimaliziwe kwa spana ya kipimo cha nguvu ya kukaza hadi Nm (nyutoni-mita) 103 kwa Corolla. Muuzaji akikataa kuandika, nenda duka la pili.