Mirabaha ya shoo huku Uingereza: uzoefu wangu, na yule meneja wa baa
Naandika bado nimekereka kwa hiyo mtanisamehe. Mimi nimepiga gita na kuimba nyimbo zangu mwenyewe kwenye vibaa vya huku karibu miaka minne sasa, vya watu themanini mia hivi, unapewa bahasha na sahani ya chipsi unaondoka, nilijua hapo hesabu imekwisha. Miezi kadhaa nyuma mpiga ngoma wetu, kaka mmoja Mkongo, ananiuliza kwenye gari, "wewe orodha zako unapeleka?" Orodha gani? Alicheka huyo mpaka akapaki pembeni.

Kumbe ukiwa mtunzi umejiunga na PRS, chama cha huku kinachowakusanyia watunzi mirabaha, na nyimbo umezisajili, ukizipiga laivu una hela yako, hata kama mpigaji ni wewe mwenyewe. Unajaza mtandaoni ukumbi, tarehe, na nyimbo ulizopiga, ndiyo hiyo orodha, basi. Anayelipwa ni mtunzi siyo mwimbaji, kwa hiyo ukikopi za watu umemfanyia kazi mwenzio.

Sasa mimi na kiherehere changu nikamfuata meneja wa baa moja nimuulize jina kamili la ukumbi na kama wana leseni ya muziki, ile ukumbi unailipia na ndiko hela ya watunzi inakotoka. Salamu hakuitikia. "Nimeshakulipa, unataka nini tena?" Mbele ya wateja! Nikamwambia bwana siyo hela yako, leseni unailipa tayari, nisipopeleka orodha hurudishiwi hata peni, ila mimi ndo nakosa. Akanipa mgongo akaendelea kufuta glasi. Nimepiga pale mara sita, bia zikauzika watu wanacheza mpaka mlangoni, leo nimekuwa ombaomba.

Nikarudi home nimevimba, nikasema mfumo wenyewe takataka, unamtuma msanii akadhalilike. Usiku nikaingia kwenye akaunti yangu ya PRS, natafuta, baa ile ipo tayari na anwani yake, nikachagua, nikaweka nyimbo saba, dakika kumi hazikufika. Yaani sikuwa na haja hata ya kumuona yule jamaa!

Miezi ikapita, hela ikaingia. Usipige hesabu ya kiwanja, za vibaa ni paundi chache tu, mzigo uko kwenye konsati za tiketi ambako tangu 2018 mwandaaji anatozwa asilimia 4.2 ya mauzo kwa ajili ya watunzi. Ila zile chache zimetoka kwenye wimbo niliotunga Tanga nimelala kwenye mkeka umeme umekatika, nikakaa naangalia simu kama mjinga. PRS nawapa tano kwa tano. Au nne, maana shoo ikipitisha miezi 12 haipokelewi, na mimi nina miaka mitatu imekwenda hivihivi, hiyo inaniuma kuliko meneja. Tatu basi.

Ijumaa napiga palepale kwake. Orodha nimeshaiandika, nyimbo tisa, zote zangu.