Kichwa cha treni cha shaba nilichouziwa Mtwara: nilivyojua asili yake

Muuzaji nampa nyota mbili. Fundi saa wa jirani na soko nampa tano bila kusita.

Kichwa chenyewe ni cha mfano, cha bati la shaba, kimepakwa rangi nyeusi. Muuzaji wa mitumba aliniambia, "Kaka, hiki ni cha Mzungu wa mradi wa karanga, kakitengeneza akiitazama reli yetu ya Nachingwea." Mradi huo ni ule wa Waingereza wa kulima karanga enzi za ukoloni, na reli ilijengwa kwa ajili yake. Kwetu sisi wa kusini, ambao reli ile tunaijua kwa kusimuliwa tu, maneno hayo yanatoa hela mfukoni. Nikalipa.

Fundi alikigeuza chali, akafungua skrubu, akaniita: "Mwanangu, hebu tazama hii lehemu." Ndani ya boila lehemu ilikuwa imetiririka na kuganda, alama za tupa zinaonekana, na ribiti zimegongwa mojamoja kwa ncha ya sindano, mstari ukipinda kidogo kuelekea chumba cha dereva. Mashine ya kiwandani haipindi hivyo. Hii ni kazi ya mikono ya mtu. Magurudumu tu ndiyo ya kununua: ekseli zina ncha za mraba na nati zenye mfereji, mtindo wa Romford, magurudumu ya treni za mfano ya Uingereza.

Kisha akachukua kalipa, kifaa cha kupimia upana, na hapa ndipo nilipofurahi kweli. Magurudumu yake yanafaa reli zenye upana wa milimita 16.5, kipimo cha OO na HO, aina za treni za mfano zinazouzwa madukani. Kwa OO, yaani 1:76 (kitu halisi kimepunguzwa mara 76), upana huo ni sawa na reli halisi ya mita 1.25, wakati reli zetu za zamani ni za mita moja. Lakini gurudumu kubwa lilipimwa milimita 20 na ushee. Alipofuta rangi nyeusi ubavuni kwa pamba yenye spiriti, chini yake ikatokea rangi ya damu ya mzee na tarakimu 29, zilizofuata zimebanduka. Vichwa vya daraja la 29 vya Reli ya Afrika Mashariki vilikuwa na magurudumu makubwa ya futi 4, yaani milimita 1,219. Ukigawanya hizo kwa zile 20 na ushee unapata 1:60. Zidisha 16.5 kwa 60: milimita 990! Aliyekijenga alichagua kipimo chake mwenyewe ili reli ya dukani iwe reli ya mita moja. Huyo aliijua reli ya huku.

Ila kichwa hiki si cha enzi za karanga. Daraja la 29 lilianza kuundwa na kiwanda cha North British, Glasgow, mwaka 1951, na Uingereza iliutangaza mradi wa karanga kuwa umekwisha Januari mwaka huohuo. Anayetaka kulinganisha, namba 2921 imehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi.

Fundi alibadilisha kaboni za mota, akatia tone la mafuta ya saa, na sasa kinakwenda vizuri kwa volti 12. Bei niliyolipa siijutii. Muuzaji angesema tu hajui kilikotoka, ningelipa ileile.