Kukodi boti ya uvuvi Watamu kwenda kuangalia ndege wa bahari kuu: uzoefu wangu

Natoa alama kwanza, maana najua wengi wetu husoma mistari mitatu ya mwanzo kisha tunaruka hadi kwenye bei. Nahodha na mabaharia wake: nyota tano. Boti: nne. Dalali aliyetuunganisha nao: hata moja simpi. Majina nayaacha, kwa sababu dalali wa aina hiyo yuko kwenye kila ufuo wa Pwani na akibadilisha jina leo kesho utampata pale pale.

Kwa nini mtu alipe boti ilhali ndege wapo bure nchi kavu? Ukikaa ukingoni mwa hori la Mida, hapo Watamu kwenye pwani ya Kenya, maji yakitoka, utaona sululu na vitwitwi hadi uchoke, na shakwe wamejaa tele kwenye fungu. Lakini wako ndege ambao hawakanyagi nchi kavu ila wakati wa kutaga, na hutaga mbali: Shelisheli, Sokotra, hata Antaktika. Maisha yao yaliyobaki ni maji matupu. Hao huwaoni kutoka ufukweni hata ukiazima darubini ya jeshi. Watamu ina bahati kwamba bahari yake inaingia kina mapema. Ukishavuka mwamba hutasafiri mbali sana kabla kile kifaa cha kupimia kina hakijaanza kuruka kutoka makumi ya mita kwenda mamia. Pale ukingoni ndipo maji ya chini hupanda, samaki wadogo hujaa, na ndege hufuata.

Kuhusu msimu tulibishana sana kwenye kundi letu la watazama ndege. Juni na Julai, kusi ikiwa kali, boti nyingi hupandishwa pwani kufanyiwa matengenezo, na hata ukimpata wa kukupeleka utakuwa umeshikilia chuma kwa mikono miwili siku nzima, darubini umeitundika shingoni bure. Wenzangu wawili walitaka kusi hivyo hivyo, kwa sababu ndipo petreli wadogo wa Wilson wanaozaana Antaktika hupanda huku kukimbia baridi yao. Wana hoja. Mimi nilishikilia Novemba, tanga mbili, kusi imeisha nguvu na kaskazi haijashika, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nakusanya pesa za M-Pesa, neno langu lilikuwa zito kidogo.

Sasa dalali. Tuliandikiana naye kila kitu: tunatoka alfajiri, tunakwenda hadi ukingo wa kina, injini itapunguzwa tukiomba, na ndani ya boti kutakuwa na chambo cha kumwaga majini. Akajibu "hakuna shida" kwa kila swali, na hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Tulipofika asubuhi tulikuta fimbo za kuvulia zimepangwa nyuma kama mikuki, kiti cha kupigania samaki kimefungwa katikati, barafu ipo, chambo cha ndoana kipo, cha kumwaga hakipo. Mabaharia walikuwa wameambiwa wanakuja wageni wa kuvua. Nikapiga simu: mteja hapatikani.

Nahodha alinisikiliza hadi mwisho, mzee mpole mwenye kofia iliyopauka kwa chumvi.

"Mwanangu, ndege? Ndege tu?"

"Ndege tu, ami. Samaki tutanunua sokoni."

Akacheka. "Hao ndege tunawafuata kila siku. Ila sisi tunatazama chini yao."

Hapo ndipo safari iliponusurika. Tulipatana papo hapo: wakati boti inakimbia, mishipi miwili itaburutwa nyuma, samaki akinasa apandishwe haraka na awe wa mabaharia, lakini hakuna kusimama wala kuzunguka kwa ajili ya samaki tukiwa na ndege mbele. Baharia mmoja akatumwa kwa wachuuzi wa samaki, akarudi na ndoo ya utumbo wa jodari na dumu la sifa, yaani mafuta ya samaki. Saa nzima ya mwanga ilipotea kwa hayo, na hiyo saa ndiyo ninayomdai dalali hadi leo.

Kutoka nje ni kuzuri. Mlangoni mwa Mida unakiacha Kisiwa cha Nyangumi, kile kijabali ambacho buabua hukitumia kutagia miezi ya kusi. Novemba wengi wao wameshaondoka. Tafadhali, ukienda mwezi wa Julai au Agosti, usimruhusu nahodha yeyote akushushe pale upige picha. Ndege mzazi akiruka, yai linabaki juani juu ya jiwe la moto. Mtazame kutoka ndani ya boti, inatosha.

Baada ya mwamba, mawimbi yakawa marefu na ya polepole, si ya kupiga. Wawili wetu bahari iliwakamata pale pale. Walikuwa wamemeza vidonge asubuhi wakiwa gatini, na vidonge vya namna hiyo ni vya kumezwa mapema kabla ya safari, vikute mwili umetulia. Asubuhi ule mkate mkavu na ndizi, usiende na tumbo tupu, na usikae chini kwenye kibanda ambako harufu ya dizeli hukusanyika. Nahodha aliwaweka nyuma, upande usio na upepo, akawaambia watazame upeo wa macho wasitazame simu. Mmoja alipona. Mwingine alitapika kwa adabu hadi saa sita.

Kisha tukafika pale pa kina, injini ikashushwa hadi ikawa inanong'ona tu, na baharia akaanza kazi. Hili nilieleze vizuri, kwa sababu ndilo wengi hawaliulizi wanapokodi. Utumbo hukatwakatwa vipande vidogo, ukachanganywa na sifa, ukamwagwa kidogo kidogo, kata kwa kata, si ndoo nzima kwa mpigo. Mimi nilikuwa nimebeba mfuko wa bisi kutoka nyumbani, mabaharia wakadhani ni chakula changu. Tuliziloweka kwenye sifa tukazitupa, nazo huelea muda mrefu na kukuonyesha mstari wa harufu unakwenda wapi. Sifa ikitandaa, maji hulala. Mkunjo unapotea, unabaki utepe laini unaong'aa nyuma ya boti, unazidi kurefuka kufuata upepo. Petreli na jamaa zake wana pua za bomba juu ya mdomo na wananusa kwelikweli. Wanakuja wakipanda upepo, kwa kukatakata huku na huku, kama mbwa anayetafuta njia.

Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Mtu mmoja akaanza kuuliza kama pesa zinarudishwa. Halafu baharia, si mmoja wetu wenye darubini, akanyoosha kidole: weusi, chini, karibu na maji. Walikuwa shiawota wa mkia-kabari, wale wanaozaana Shelisheli: wakubwa, kahawia iliyokoza mwili mzima, mabawa wameyapinda mbele kidogo, wanapiga mara chache kisha wanateleza wakigusa mgongo wa wimbi. Kati yao akapita mmoja mdogo zaidi, mwembamba, mkia mrefu, mdomo mnene, na mwendo wake tofauti kabisa. Huyo alipanda juu, akajipindua, akashuka, akapanda tena, mizunguko mikubwa ya haraka. Petreli wa Jouanin. Wataalamu walimpa jina mwaka 1955, na ikachukua miongo kadhaa kabla ya viota vyake kuthibitishwa kwenye magenge ya Sokotra. Alipita juu ya utepe wa sifa, akageuza kichwa, akaondoka. Kamera yangu ina picha tatu zake, mbili ni za maji.

Saa tano hivi nahodha akasema "sehewa wale" akageuza usukani kabla hatujaona chochote. Nusu ya upeo ilikuwa inachemka: sehewa, wale jodari wadogo, wanaruka, dagaa wanasukumwa juu, na juu yao buabua kwa mamia. Hapa ndipo mzee alipolipia nyota zake zote. Badala ya kukata katikati ya kundi kama wanavyofanya wavuvi wa michezo, alilizunguka kwa mbali, akajiweka mbele yake jua likiwa mgongoni mwetu, akazima injini moja, akawaacha ndege waje wenyewe. Kwa mwanga ule tuliweza kuwatenganisha: buabua wenye mgongo mweusi tititi na baka jeupe la paji linaloishia kwenye jicho, na wale wenye mgongo wa kahawia-kijivu ambao weupe wao unavuka jicho kwenda nyuma kama nyusi. Hao weusi hawatui majini, manyoya yao hayastahimili kulowa, kwa hiyo kijana wake akishatoka kiotani anaweza kukaa miaka angani kabla ya kurudi kuzaa. Ukiwa umekaa kwenye kiti cha boti unalalamika mgongo, hilo linakunyamazisha. Na katikati ya vurugu akaja membe mmoja mweupe, barakoa nyeusi usoni, akajitupa majini mita chache tu kutoka kwetu. Jamaa zake hutaga Fungu Kizimkazi, kusini-mashariki mwa Unguja.

Fulusi mmoja alinasa tukirudi. Mabaharia walifurahi, sisi pia.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa. Bei ni ya chombo, si ya kichwa, na sehemu kubwa ni dizeli, kwa hiyo jazeni nafasi. Sita wanatosha, zaidi ya hapo mtasukumana upande mmoja kila ndege akitokea. Omba kuona cheti cha ukaguzi cha KMA (mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya) na uhesabu majaketi ya kuokolea kwa macho yako, na uliza kama redio ya VHF inafanya kazi. Tiketi ya hifadhi ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si mkononi ufukweni. Choo cha boti yetu kilikuwepo, kidogo na chenye mlango unaogoma, ndiyo maana nyota ni nne. Akina dada, ulizeni mapema bila haya. Darubini ya kukuza mara 8 inafaa kuliko ya mara 10, boti ikiyumba utanishukuru. Kwa wanaoweka orodha zao eBird, ule mtandao wa kuandikisha ndege walioonwa, chagueni utaratibu wa safari za bahari kuu na mkate orodha kila saa moja, la sivyo ndege wa ukingoni wataonekana wameonwa gatini.

Na ongeeni na nahodha mwenyewe, kwa simu, siku moja kabla. Mwambieni neno "ndege" mara tatu. Sisi sasa tuna namba yake, na tunapanga kutoka tena Machi kabla kusi haijaingia. Nafasi ni sita. Mbili zimeshachukuliwa na wale wale waliokamatwa na bahari wakaapa hawarudi.